Makaburi ya Loji katika Kitalu cha Tisa

Trésor, na wewe Espérance, vueni glavu mkae. Nawaambia ninyi wawili kwa sababu ndio mliobaki kwenye kibanda chetu cha kazi, na nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu mkuu wetu hawezi kukisoma. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Mambo hayo yamo kwenye faili langu, na faili lenyewe, kwa jinsi ninavyoijua ofisi yetu, litakuwa limeshapotea. Nataka kuwaeleza kazi. Mkiona nakasirika njiani, si ninyi mnaonikasirisha. Nilistaafu kabla sijamaliza kukasirika, nikaona nimalizie hapa.

Niliingia makaburini mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Lubumbashi nilikuwa karani wa posta. Hapa Brussels nilianza kwa kupanga makasha ya mboga sokoni Flagey, ambako bosi alinifundisha kumuaga kila mteja kwa maneno yale yale: "À la prochaine!", yaani tuonane tena mara nyingine. Siku yangu ya kwanza makaburini tulimzika bibi mmoja mkongwe. Familia ikapita mbele yetu kutushika mkono, mmoja mmoja, nami nikawaambia wote, kwa sauti nzuri ya sokoni, "À la prochaine!" Mtoto wa marehemu, mwanamume mnene mwenye koti jeusi, alisimama akanitazama. Mwenzangu Louis alijifanya anakohoa, akaingiza nusu ya glavu yake mdomoni.

Walipoondoka akaniambia, "Si uongo. Lakini huwa hatuwaambii."

Louis ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mzaliwa wa hapa hapa mjini, mgongo wake umepindwa na koleo, na alikuwa amebakiza miaka michache astaafu. Hakupenda maelezo marefu, jambo lililonisumbua, maana mimi nayapenda. Alinipa ile fimbo ya chuma yenye kishikio cha mbao, tunayoiita sonde, ambayo leo imesimama nyuma ya mlango wa kibanda na naambiwa mnaitundikia makoti. Tafadhalini, yaondoeni hayo makoti. Sonde haipigwi nyundo. Unaisimamisha, unaiegemea kwa uzito wako, unasubiri. Ardhi ambayo haijawahi kuchimbwa inakataa mapema, na unaisikia ikikataa hadi kwenye viwiko. Ardhi iliyochimbwa, hata kama aliyeichimba ameshakuwa babu wa mababu, inakataa kidogo juu, kisha inakuachia. Louis alinifunga macho kwa skafu yake, akanizungusha kitaluni asubuhi nzima, na kila nilipokosea alisema neno moja tu: "Tena." Msikate tamaa mkikosea. Mimi nilikosea wiki tatu.

Mwaka ule ule nilikuwa nakata nyasi za kitalu cha tisa, nikidhani ni uwanja mtupu. Louis akaja akaizima mashine yangu.

"Punguza mwendo," akasema. "Unapita juu ya watu."

Watu gani? Hakukuwa na msalaba, jiwe, wala hata chungu cha maua. Akanieleza kwa sentensi tatu, ambazo mimi nitawafanyia kumi. Hapa mjini kulikuwa na loji. Si loji ya kulala wageni, bali chama cha wanaume walioapa kuwa ndugu, wenye mikutano ya faragha, aproni, na desturi nyingi za kusimama na kukaa. Wengi wao walikuwa mafundi: wapiga chapa, washona viatu, madereva wa tramu. Manispaa iliwapa kitalu kizima kwa mkataba wa miaka mingi, nao wakaapa kwamba hakuna ndugu atakayelala chini ya jiwe kubwa kuliko la mwenzake. Mkitafakari mtaona kwamba njia rahisi kuliko zote ya kutimiza kiapo kama hicho ni kutoweka jiwe lolote. Ndivyo walivyofanya. Kila ndugu aliwekewa kigingi cha mbao chenye namba. Kwa mvua za hapa, mbao haidumu. Nilipofika mimi, vigingi vyote vilikuwa vimeoza.

Nikaenda kutazama rejesta yetu. Majina ya ndugu yamo yote, thelathini na wawili, kwa mwandiko safi. Lakini penye nafasi ya kuandika mahali pa kaburi, ukurasa baada ya ukurasa, makatibu wa loji waliandika maneno yale yale: "tazama kitabu chetu." Nasi tukawaachia! Miaka yote ile hakutokea mtu wa manispaa wa kusema, samahani, na hicho kitabu chenu kiko wapi?

Nilimuuliza mkuu wa wakati huo. Akanijibu kwamba kama hakuna anayelalamika, hakuna tatizo. Nikamwambia waliomo kitaluni hawana namna ya kulalamika. Akaniambia nikamalize nyasi.

Louis akastaafu, akahamia kwa binti yake. Miaka ikapita. Kisha, katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, mkataba wa kitalu ukafika mwisho, na mkuu mpya, huyu mnayemjua, akasimamisha tangazo kwenye lango dogo la kitalu. Kila kaburi litakalowekewa alama na kutiliwa saini litabaki. Mengine yatafukuliwa, na mifupa itahamishiwa kwenye shimo la pamoja. Mwisho: sikukuu ya Watakatifu Wote.

Ndipo loji ikajitokeza. Ilikuwa imebaki na wanaume watatu. Mmoja alikubali kila kitu kwa simu na sikumwona mara nyingi. Wa pili, Monsieur Gaston, alikuwa kwenye nyumba ya wazee huko Laeken. Wa tatu alikuwa katibu, Monsieur Hubert, fundi mstaafu wa kujalidi vitabu, mwenye magoti mabovu na adabu nyingi. Alikuja kwa tramu akiwa amekumbatia kitabu cha loji, amekifunga kwa kitambaa cha kufutia vyombo. Nilitaka kukibusu kile kitabu. Kila ndugu alikuwa na safu yake na namba yake.

Kumbe nilifurahi mapema. Kwanza walikutana mara tatu kuamua kama jina liandikwe juu ya jiwe au mbele yake. Watu watatu! Kura ya kwanza ilikuwa sare, mmoja dhidi ya mmoja, na wa tatu alikuwa amelala. Pili, fomu za ofisi yetu. Nakala tatu kwa kila marehemu, na kwenye kila nakala mwombaji aandike uhusiano wake naye. Hubert akaandika "kaka". Ofisi ikamrudishia fomu zote, ikitaka vyeti vya kuzaliwa vinavyoonyesha kwamba yeye na wanaume wengine thelathini na wawili walizaliwa na mama mmoja. Nilikwenda mimi mwenyewe dirishani kueleza loji ni nini. Nilieleza vizuri, kwa upole, kwa mifano. Yule dada wa dirishani alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi alete cheti cha mama."

Baada ya wiki kadhaa wakakubali kwamba chama kitie saini kama chama, ila penye familia iliyo hai, familia itie saini yenyewe. Katika ndugu wote thelathini na wawili, familia moja tu ilijitokeza.

Alikuja asubuhi moja na koti la kazi ndani ya mfuko, maana alikuwa anatoka zamu. Maman Béatrice, mtu wa Likasi, mji jirani na Lubumbashi yetu, anakaa Koekelberg, anahudumia wagonjwa majumbani. Akanitazama usoni kabla ya kunisalimia.

"Papa, bonjour. Uko wa kwetu?"

"Wa Lubumbashi, maman."

"Merci Mungu. Basi utaniambia kweli. Miye niko natafuta baba yangu. Banasema iko humu, mais humu kuko majani tu."

"Iko humu, maman. Tutamupata."

"Kule bureau, madame ananiuliza kama niko na rendez-vous ya kuonana na muntu. Na nani? Na baba? Alikufaka miye niko na miaka mbili!"

Baba yake aliitwa Kasongo Médard. Alikuja Brussels kujifunza upigaji chapa, akiwa ameacha mke na mtoto mchanga Likasi, na kiwandani akakutana na ndugu wa loji, wakampokea. Alikuwa mweusi pekee kati yao. Aliugua ghafla akafa, loji ikamzika, na Likasi ikafika barua moja tu. Mama yake Béatrice, mzee sana sasa, alikuwa bado hai, na alikuwa na ombi moja kwa binti yake: aone kwa macho yake mahali alipolazwa. Si picha ya bustani. Mahali.

Nataka mwelewe vizuri kilichokuwa kwenye mizani. Karatasi aliyotakiwa kutia saini haikusema "Kasongo Médard" peke yake. Ilisema safu na namba ya mahali. Mahali pale pangebaki. Pasipotajwa pangechimbwa.

Mawe yakaja, madogo, ya bluu, yote sawa. Hubert hakuweza kutembea kwenye nyasi, kwa hiyo nilimkalisha kwenye benchi kando ya lango dogo, na kitabu magotini. Yeye akasoma, mimi nikahesabu na kuweka. "Safu ya kwanza, wa kwanza, ndugu Achille, mshona viatu." Naweka. "Wa pili." Naweka. Kila jina lilikuja na hadithi, na kila hadithi ilikuja na nyingine ndani yake. Kazi ya siku moja ikachukua tatu. Kila safu ina nafasi kumi na mbili. Mbili za kwanza zilijaa. Ya tatu ilikuwa na ndugu wanane tu, maana loji ilianza kuishiwa watu, na nafasi nne zilibaki wazi. Safu ya tatu, wa nne: ndugu Médard, mpiga chapa. Naweka.

Sikutumia sonde. Nakiri hapa ili msilisikie kwa wengine. Nilikwenda kuichukua, mkuu akanikuta nayo mlangoni.

"Hiyo ya nini? Si kuna kitabu?"

Nami nikairudisha. Kitabu kilikuwa na jalada zuri la ngozi.

Maman Béatrice akatia saini. Kila Jumapili baada ya misa akaja na maua, akakaa mbele ya jiwe la safu ya tatu na kuongea. Sikusikiliza, lakini niliona mikono yake: hivyo ndivyo mtu anavyoeleza habari ndefu za nyumbani. Ikawa hivyo miezi miwili.

Wiki mbili kabla ya Watakatifu Wote, baada ya mvua, niliona jiwe la Médard limeinama kidogo. Nikachukua sonde ili nijue udongo umeshuka kiasi gani chini yake. Nikaiegemea. Ardhi ikakataa. Nikasogea nusu hatua kushoto: ikakataa. Kulia: ikakataa. Ile ardhi haikuwahi kuguswa na koleo tangu iumbwe. Nikaenda mwisho wa safu, upande wa pili, kwenye nafasi nne ambazo sikuziwekea jiwe. Sonde ikazama kama kisu kwenye ndizi. Nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, zote zilikuwa na watu. Na kando ya lango nilikuwa na mawe manne yasiyo na mtu.

Nilimpigia Hubert simu nikiwa nimesimama pale pale.

"Monsieur Hubert, kitabu kinaposema safu ya tatu, wa nne, ni wa nne kuanzia wapi?"

"Mais, kuanzia Mashariki."

"Kwa nini Mashariki?"

"Kwa nini?" akarudia, kama mtu aliyeulizwa kwa nini tunavaa viatu miguuni. "Kila kitu chetu huanzia Mashariki. Mkuu wetu wa loji huketi Mashariki. Tunaingia, tunasalimu Mashariki. Mngeanzia wapi kwingine?"

"Langoni, monsieur! Lango liko magharibi. Mtu yeyote anayehesabu makaburi huanzia langoni!"

"Nilikuwa nasoma," akasema polepole. "Sikutazama miguu yako. Nilidhani unajua."

Nami nilidhani angenisahihisha. Watu wawili wazima, siku tatu, na kila mmoja anamtegemea mwenzake. Tena kuna linaloniuma zaidi. Ndugu wa mwisho kuzikwa pale, wa nane wa safu ya tatu, nilimchimbia mimi na Louis. Mimi mwenyewe! Nikakaa kwenye ukingo wa kitalu nikafikiri tulimwaga udongo upande gani siku ile, na kweli, tuliumwaga upande wa lango, kwa sababu upande huo hapakuwa na mtu. Nilikuwa na jibu kichwani mwangu miaka yote, na sikujiuliza swali.

Jumapili nikamsubiri Maman Béatrice.

"Maman, kaa kidogo."

"Nimekaa ku bus. Sema."

Nikasema yote, bila kuzunguka.

"Donc," akasema, "miezi mbili hii, miye niko nalilia nani?"

"Hakuna muntu, maman. Udongo tu."

"Na mambo yote nilimuambia? Ya bwana yangu? Ya mutoto yangu Paul?"

"Hakuna mwenye alisikia."

Akafunika uso. Nikaona mabega yanatikisika, nikajilaumu tena. Kumbe alikuwa anacheka, kile kicheko kilicho jirani na kofi. "Afadhali," akasema. "Ya bwana yangu ilikuwa ya haya." Kisha akaacha kucheka. "Bon. Baba yangu iko wapi?"

Nikamwonyesha. "Pale."

"Pale penye hakuna jiwe?"

"Ndiyo."

"Penye batachimba?"

"Penye batachimba."

"Alors, papa, unakaa hapa juu ya nini? Simama!"

Tukaenda kwa mkuu Jumatatu. Akasema ramani ya kitalu imeshafungwa. Nikamwambia ifunguliwe. Akauliza kosa ni la nani. Nikasema langu, nikaliandika na kutia saini, na nawashauri mfanye hivyo mapema siku mtakapokosea, kwa sababu mkuu asiyekuwa na mtu wa kumtafuta hubaki na muda wa kusaidia. Akavuta pumzi. Akasema ramani inaweza kurekebishwa kwa karatasi moja yenye saini za wanachama wote watatu wa loji pamoja na familia. Saini zote karatasi moja, zote kwa wino, kabla ya Ijumaa.

Yule wa simu alitia saini siku ile ile, kama kawaida yake. Hubert akatia. Ikabaki Laeken.

Tulikwenda kwa tramu, Hubert, Maman Béatrice na mimi. Monsieur Gaston alikuwa kwenye kiti cha magurudumu dirishani, tai shingoni. Alisikiliza habari yote ya lango na Mashariki, akamgeukia Hubert.

"Ulimwacha mtu wa nje aanzie magharibi?"

"Nilikuwa nasoma, Gaston."

"Ulikuwa unapiga hadithi."

Nikamkabidhi kalamu. Akaiweka chini. Akasema haweki saini kwenye orodha ya wafu kama kwenye bili ya umeme. Isomwe yote, tangu wa kwanza, na anayesoma asimame. Nikaangalia saa. Nikaangalia magoti ya Hubert. Nilitaka kupiga kelele, na ningeipiga, lakini Maman Béatrice alikuwa ameshapita nyuma ya Hubert, akamshika chini ya makwapa kama anavyowashika wagonjwa wake, akamsimamisha. Basi Hubert akasoma. Kwa kila jina Gaston aliinamisha kichwa.

"Safu ya tatu. Wa nne. Kasongo Médard, mpiga chapa."

Gaston akainua kidole. "Huyu aliimba vibaya."

"Vibaya sana," akasema Hubert.

"Tulimwomba akae, akaongeza ubeti."

Maman Béatrice, akiwa bado amemshikilia Hubert, akasema kwa Kifaransa kwamba mama yake amemwambia siku zote kuwa baba aliimba vizuri kuliko watu wote wa Likasi.

Gaston akamgeukia. "Basi mama yako alimpenda," akasema, akachukua kalamu. Maman Béatrice alikuwa na miaka karibu arobaini, na hilo ndilo jambo la kwanza alilowahi kusikia kuhusu baba yake kutoka kwa mtu mwingine asiyekuwa mama yake.

Ijumaa karatasi ikapokelewa. Nikabaki na siku chache na mawe thelathini na mawili ya kuhamisha. Niliyahamisha yote, siku nne, mvuani, na kila jiwe sikuliweka mpaka sonde ikubali. Mgongo wangu haujanisamehe bado. Mkuu alipita mara moja, akaniangalia nilivyo na chuma mkononi, na safari hii hakuuliza ni ya nini.

Siku iliyotangulia Watakatifu Wote, Maman Béatrice alikuja na simu ikiwa imeshapiga Likasi. Aliifungua sauti, akaisogeza kati yetu. Mama yake alikuwa na sauti nyembamba lakini isiyotetemeka.

"Papa, weye njo ulikosaka?"

"Miye, mama. Kosa ni yangu."

"Na sasa unajua kweli?"

Nikaanza kumweleza sonde, udongo unavyokataa na unavyokubali, ramani, saini nne. Akaniacha nieleze kidogo, kisha akanikata.

"Aba, papa, unaanzia wapi?"

Nikamuuliza kwa nini anauliza hivyo.

"Juu miye nilikaaka mu camp ya batu ya mine," akasema yule mama, yaani kambi ya wachimba madini. "Manyumba yote sawa, mulongo muzima. Ya kwetu ilikuwa quatre, ya nne. Kila muntu mugeni alienda kwa jirani, juu alianzia kule kungine. Basi minauliza: unaanzia wapi?"

Miezi yote ile, katibu na kitabu chake, mimi na chuma changu, mkuu na ramani yake, hakuna aliyeanza kwa kuuliza hivyo; mimi niliuliza baada ya kukosea. Aliyeanza na swali hilo ni mama mzee aliyekaa Likasi, ambaye hajawahi kukiona kitalu.

"Mashariki, mama. Upande jua inatokaka."

"Bon. Hesabu nisikie."

Nikaenda mwisho wa safu ya tatu. Maman Béatrice akanifuata, amenyoosha mkono wenye simu mbele yake. Nikahesabu kwa sauti, nikisimama kwenye kila jiwe. "Un." Nikapiga hatua. "Deux." Nikapiga hatua. "Trois." Nikapiga hatua nyingine, nikasimama. "Quatre."

"Iko hapo?"

"Iko hapa, mama."

Tulisikia anapumua, na nyuma yake redio ya mtu na kuku. Kisha akamwita binti yake kwa jina, akamwambia aiweke simu chini, juu ya majani. Béatrice akaiweka mbele ya jiwe, akanishika mkono, tukasogea hadi njiani, tukamwacha aongee na mumewe.

Kitalu cha tisa sasa ni chenu, na vitalu vingine vyenye vitabu vya watu wengine vipo, mtavikuta. Kwa hiyo, kabla hamjaweka jiwe hata moja, muulizeni mwenye kitabu alianzia wapi kuhesabu, liandikeni jibu lake kwa wino juu ya ukurasa wa kwanza, kisha ndipo mpige hatua ya kwanza.